MVUMO, UZIWI NA FIDIA: ISTILAHI ZA MADAI YA ASKARI WALIOUMIA MASIKIO

Miongoni mwa maneno yanayomtaka mfasiri awe mwangalifu kuliko kawaida ni yale yanayoamua nani alipwe na nani asilipwe. Istilahi ya jiografia ikitumiwa visivyo darasani, mwanafunzi ataweza kusahihishwa mwaka unaofuata. Istilahi ya fidia ikitumiwa visivyo ofisini, mzee atarudi kijijini kwake mikono mitupu, na huenda asiwe na umri wa kungojea sahihisho. Katika makala haya tunakusudia kuchambua istilahi za jambo moja ambalo halionekani kwa macho, wala halipimiki kwa rula, lakini ni zito kwa anayelibeba: sauti isiyokoma masikioni mwa mtu aliyekuwa askari, na haki yake ya kufidiwa.

Uchambuzi huu una haja ya pekee wakati huu. Kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 1) ya mwaka 2021, Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza hazina budi kufasiriwa, pamoja na fomu, kanuni na majedwali yake. Neno litakaloingia leo katika tafsiri ndilo atakalosomewa mwananchi kesho mbele ya karani, daktari na hakimu.

1. Kwa nini Kigoma na Ujiji

Mifano yetu mingi tumeichukua katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kiswahili cha Ujiji ni cha siku nyingi, tangu zama za misafara. Aidha, mwambao huo unajua mizinga. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo Wajerumani walileta vipande vya meli yao Graf von Götzen, wakaviunganisha na kuiteremsha majini mwaka 1915. Meli hiyo ilipachikwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg. Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza waliiteka mashua ya kivita Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma mwezi Julai 1916, Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba, jina ambalo wasafiri wa ziwa hilo wanalijua mpaka leo.

Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika walipigana katika jeshi la KAR huko Uhabeshi, Madagaska na Burma. Kisha vikaja vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwezi Oktoba 1978, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaangukia mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo. Makombora yaliyofyatuliwa kwa mfululizo kutoka katika magari ya Watanzania yaliwatia hofu adui hata yakapewa jina la "Saba Saba". Yaliwafikia adui kwa mbali, lakini kishindo chake kiliwafikia kwanza wale waliosimama karibu na mitambo.

2. Jambo lenyewe

Istilahi nzuri hutanguliwa na kulijua jambo. Ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo na vile vifupa vitatu vidogo, imo koklea, yaani mfereji uliojiviringisha mfano wa kombe la konokono. Humo zimo seli zenye vinyweleo vidogo mno, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa inayopelekwa kwenye ubongo kwa njia ya neva. Kishindo kikubwa, au kelele ya miaka mingi, huziharibu seli hizo, nazo kwa binadamu hazioti tena. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, na kwa hiyo mtu huanza kusikia maneno nusunusu: anajua kwamba anasemeshwa, lakini hapambanui anaambiwa nini.

Kwa kipimo cha desibeli, mpaka unaotumika sana makazini ni desibeli 85 kwa muda wa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka huzidisha maradufu nguvu ya sauti inayolifikia sikio. Bunduki ya kivita hutoa kishindo cha desibeli 150 na zaidi, na mzinga hupita hapo. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Sikio nalo lina ngoma yake. Lakini hata pale ambapo kiwambo hakikupasuka, seli za ndani zaweza kuwa zimekwisha kuharibika.

Mara nyingi upotevu huo hufuatana na sauti ambayo haitoki nje. Mwenye nayo huisikia kama nyenje, kama filimbi, kama upepo, kama nyuki au kama mashine ya mbali. Huisikia zaidi usiku, wakati wengine wamelala. Humwondolea usingizi, humpunguzia utulivu wa mawazo, na wengine huwatia huzuni ya kudumu. Daktari kwa kawaida haisikii, wala picha haiionyeshi. Ni yale wanayosema Waswahili: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

3. Kelele, sauti, mlio au mvumo?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee mmoja wa Ujiji, mvuvi wa dagaa, aliyekuwa mwanamgambo mwaka 1979, anafika mbele ya karani mwenye fomu iliyofasiriwa. Karani anamwamkia, kisha anamsomea:

"Mzee wangu, je, unasikia kelele?"

"La, mwanangu, leo ni shwari kabisa."

Karani anaandika "Hapana". Hakuna aliyedanganya. Mzee amejibu alichoulizwa, kwa kuwa kelele katika Kiswahili ni jambo la nje, linalowaudhi wote waliopo. Sasa tuseme fomu nyingine imetumia neno sauti.

"Je, unasikia sauti?"

"Sauti za nani? Mimi sina wazimu, wala sina pepo."

Hapa neno limemvunjia mzee heshima. Kusikia sauti, bila ya maelezo, ni kusikia maneno ya wasioonekana, na hayo yana tabibu wake mwingine. Lakini akiulizwa:

"Je, masikio yako yanavuma?"

"Yanavuma tangu vita, usiku na mchana."

Jibu limepatikana, na limekuja pamoja na chanzo chake na muda wake, kabla hata havijaulizwa.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi mvumo wa sikio, wingi mivumo ya masikio. Kitenzi kuvuma kimezoeleka na wasemaji, na hutumika kwa upepo, ngoma, ziwa na nyuki, yaani kwa sauti inayoendelea bila ya kuwa na maneno. Neno mlio nalo lina watetezi wake, nao wana hoja, kwa sababu wagonjwa wengi husikia sauti nyembamba kuliko mvumo wa ngoma. Hata hivyo mlio huelekea kuwa wa mara moja: mlio wa bunduki, mlio wa kengele. Fomu ikiuliza juu ya "mlio masikioni", mtu aweza kuelewa kwamba anaulizwa alisikia nini siku ya mapigano, si anasikia nini sasa. Twaona mlio ufae kueleza namna ya mvumo, kama katika "mvumo wenye mlio mwembamba". Neno uvumi halifai kabisa, madhali limekwisha kushikwa na habari zisizo na hakika, na itakuwa dhihaka kumwandikia mzee kwamba "ana uvumi masikioni".

Matabibu hutofautisha aina mbili. Ya kwanza, iliyo ya kawaida, husikiwa na mgonjwa peke yake. Ya pili ni adimu, hutokana na mambo kama mwendo wa damu katika mishipa iliyo karibu na sikio, na daktari aweza kuisikia kwa chombo. Twapendekeza mvumo wa nafsi kwa ile ya kwanza, na mvumo wa dhahiri kwa ile ya pili. Tunawaonya wafasiri wasiite ile ya kwanza "mvumo wa kudhani" wala "wa kufikirika", kwani mgonjwa haudhanii, bali anausikia.

4. Uziwi, upungufu wa usikivu na ulemavu

Kiziwi, katika matumizi ya wengi, ni mtu asiyesikia. Jedwali la fidia likitaja "uziwi" tu, mtu anayesikia nusu hatajiona humo, na karani hatamwona. Mbaya zaidi, mzee akiitika anapoitwa jina, ataambiwa kwamba si kiziwi, kwa hiyo hana dai. Ndiyo maana twapendekeza upungufu wa usikivu kwa kila hali iliyo chini ya kawaida, ukigawanywa katika mdogo, wa kati na mkubwa, na uziwi ubaki kwa hali ya kutosikia kabisa, ama sikio moja, ama yote mawili.

Kuna jozi nyingine inayochanganywa. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitenganisha mambo matatu: hitilafu ya kiungo au ya kazi yake, kushindwa kutenda kunakotokana na hitilafu hiyo, na kikwazo ambacho mtu hukutana nacho katika maisha ya jamii. Mwaka 2001 Shirika hilo lilitoa mpango mpya unaotazama pia mazingira ya mtu. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Hivyo maneno matatu yanahitajika, wala si moja. Twapendekeza hitilafu, ulemavu na kikwazo kwa mfuatano huo. Seli zilizoharibika ni hitilafu. Kutopambanua maneno katika mkutano wa kijiji ni ulemavu. Mwenyekiti anayekataa kurudia alilosema ni kikwazo.

Mvumo wa sikio waweza kuwapo hata pale ambapo upungufu wa usikivu ni mdogo. Haifai basi fomu kuuweka kama alama ya uziwi tu. Upewe kisanduku chake.

5. Fidia si kifuta jasho

Katika lugha ya ofisi, maneno ya malipo hutupwa pamoja kama dagaa katika wavu. Tuyatenge.

Fidia, yenye asili ya Kiarabu, ina maana ya kitu kitolewacho badala ya kingine. Waislamu wanaijua fidia ya funga kwa asiyeweza kufunga. Katika sheria, fidia ni malipo ya haki kwa hasara au dhara, nayo hudaiwa. Kifuta jasho na kifuta machozi, kwa upande mwingine, ni malipo ya kumpoza mtu. Serikali iliyatumia maneno haya katika kanuni za mwaka 2011 zinazohusu watu waliodhuriwa na wanyama wakali au kuharibiwa mazao. Tofauti yake ni kubwa: kifuta machozi hakilingani na hasara, na anayekipokea hukipokea kwa huruma ya mtoaji. Mfasiri anayeandika kifuta jasho mahali pa fidia amemgeuza mdai kuwa mwombaji.

Pensheni ni malipo ya kila mwezi kwa aliyemaliza utumishi kwa masharti yaliyowekwa. Kiinua mgongo ni malipo ya mkupuo mmoja wakati wa kuondoka. Dia ni malipo kwa ajili ya roho ya mtu aliyeuawa. Mafao ni neno pana linaloweza kuyakusanya malipo ya hifadhi ya jamii. Askari aweza kupata kiinua mgongo chake chote, na bado akawa na dai la fidia ya masikio. La kwanza ni malipo ya utumishi, la pili ni malipo ya dhara. Hati inayosema "amelipwa mafao yake" bila ya kufafanua, yaweza kumfungia mlango.

Jinsi neno moja, au ukosefu wa neno moja, linavyoweza kuamua mambo, tujifunze kwa Marekani. Huko mvumo wa sikio umekuwa kwa miaka mingi katika safu ya kwanza ya madhara yanayofidiwa kwa askari wa zamani, na jedwali lao liliukadiria kwa asilimia 10. Lakini je, ni asilimia 10 kwa mtu, au kwa kila sikio? Kanuni haikutamka wazi mpaka mwaka 2003, iliporekebishwa na kusema kwamba ni kadirio moja, liwe sikio moja au yote mawili. Walioomba kabla ya hapo walifika mahakamani, na mwaka 2006 mahakama ya rufani ikashika tafsiri ya serikali. Wafasiri wa majedwali yetu wasiache pengo la namna hiyo: waandike "kwa kila sikio", au waandike "kwa masikio yote kwa pamoja", kama sheria inavyotaka.

6. Kutokana na utumishi

Mvumo wa sikio una vyanzo vingi. Uzee ni kimoja. Kwinini ni kingine: dozi kubwa huvumisha masikio, na askari wa zamani waliinywa sana kwa sababu ya malaria. Dawa ya streptomaisini nayo yaweza kudhuru usikivu. Mvuvi aliyekaa miaka 30 kando ya injini ya boti, na fundi wa chumba cha mashine melini, nao wamo. Kwa hiyo swali la sheria ni hili: dhara hili lina uhusiano gani na utumishi?

Tunaona mahusiano matatu ambayo hayafai kuchanganywa. Dhara lililotokana na utumishi ni lile ambalo utumishi ndio chanzo chake. Dhara lililozidishwa na utumishi lilikuwapo, au lilikuwa na chanzo kingine, lakini utumishi ukaliongeza. Dhara lililotokea wakati wa utumishi linaeleza saa tu, wala halisemi chanzo. Sheria ikisema mawili ya kwanza na mfasiri akaandika la tatu, amepanua sheria kwa upande mmoja na kuifinya kwa upande mwingine. Atafidiwa aliyeugua kwa bahati tu akiwa kambini, na atanyimwa yule ambaye mvumo wake ulikomaa miaka mitano baada ya kurudi nyumbani.

Yapo pia maneno ya ushahidi. Katika baadhi ya nchi ushahidi ukiwa sawasawa pande mbili, mdai ndiye hupewa haki. Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "faida ya shaka", maneno ambayo kwa msomaji wa Kiswahili hayafungi wala hayafungui. Twapendekeza isemwe waziwazi: penye shaka, dai likubaliwe.

7. Nani aliyekuwa askari?

Neno la mwisho ndilo linalotangulia yote, kwani asiyeingia katika jina hafiki kwenye jedwali. Mwanajeshi mstaafu ni yule aliyestaafu kwa masharti ya jeshi. Lakini katika vita vya Kagera, pamoja na wanajeshi, waliitwa polisi, askari magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, na maelfu ya wanamgambo, ambao wengi walirudi vijijini vita vilipokwisha. Mwanamgambo huyo hakustaafu. Aliitwa, akapigana, akaruhusiwa kwenda zake. Kanuni ikifasiriwa kwa neno mstaafu mahali ambapo sheria ilikusudia kila aliyetumikia, mtu huyo ametolewa nje kwa neno moja. Twapendekeza askari wa zamani kwa maana pana, na mwanajeshi mstaafu kwa maana finyu.

Historia ina funzo lake hapa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mizigo ya majeshi ilibebwa na wapagazi, nao walikufa kwa wingi. Jina la kikosi chao cha Waingereza limebaki katika mitaa yetu kwa umbo la Kariakoo; lakini kwa kuwa hawakuitwa askari, hawakuhesabiwa pamoja na askari.

Na kuhusu uthibitisho, husimuliwa katika vitabu vya historia kwamba Ujerumani Magharibi ilipoamua katika miaka ya 1960 kuwalipa askari wake wa zamani waliosalia, wazee walifika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Waliobaki walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani kushika silaha, wakatii amri kama vijana. Miili ilikumbuka yale ambayo karatasi zilipoteza. Mvumo hauna ufagio wa kuujaribia. Una maneno ya mwenyewe tu, pamoja na maneno ya waliotumikia naye. Ndiyo sababu fomu iwe na nafasi ya ushahidi wa mwenzi wa kikosi, na tafsiri yake isiuite "uvumi" wala "masimulizi".

8. Muhtasari wa mapendekezo

Mvumo wa sikio: sauti aisikiayo mtu sikioni au kichwani pasipo chanzo cha nje.
Mvumo wa nafsi: mvumo unaosikiwa na mgonjwa peke yake.
Mvumo wa dhahiri: mvumo ambao daktari aweza kuusikia.
Upungufu wa usikivu: hali ya kusikia chini ya kawaida.
Uziwi: hali ya kutosikia kabisa.
Hitilafu: kasoro ya kiungo au ya kazi yake.
Ulemavu: kushindwa kutenda kunakotokana na hitilafu.
Kikwazo: kizuizi ambacho mtu hukutana nacho katika jamii kwa sababu ya hali yake.
Fidia: malipo ya haki kwa dhara, yenye kudaiwa.
Kifuta machozi: malipo ya kupoza, yasiyodaiwa.
Dhara lililotokana na utumishi: dhara ambalo chanzo chake ni utumishi.
Dhara lililozidishwa na utumishi: dhara ambalo utumishi umeliongeza.
Askari wa zamani: kila aliyetumikia katika vita au jeshini, awe amestaafu au ameruhusiwa.

Haya ni mapendekezo, na istilahi haikamiliki mpaka ipite midomoni mwa watumiaji. Tunawaomba walimu, matabibu na watumishi wa serikali walioko Kigoma, Kasulu, Uvinza na kwingineko watuandikie maneno wanayoyasikia kwa wazee wenyewe wanapoyaeleza masikio yao. Na tunawaomba wafasiri, kabla ya kupeleka fomu mpya kwa mpiga chapa, waisome kwa sauti mbele ya mtu mmoja aliyewahi kubeba silaha, wangojee jibu lake. Akijibu jambo lingine kuliko lile lililoulizwa, fomu ndiyo irekebishwe.